Ukuta wa Mwenye Nyumba, Kichwa cha Mpita Njia

Mkataba wangu wa pango una kifungu kinachosema mpangaji haruhusiwi kutoboa ukuta, ndani wala nje. Nilisaini bila kinyongo. Ukuta ni wa mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyenunua saruji, mimi siku moja nitaondoka na makochi yangu. Lakini kifungu hicho kimeniletea swali ambalo sikulitegemea kutoka kwenye karatasi ya kodi: je, mtu akitimiza kila neno aliloahidi, amemaliza wajibu wake?

Chanzo ni dishi. Mama alihamia kwangu, ghorofa ya nne hapa Dar es Salaam, na alikuja na mapenzi yake ya tamthilia. Kwenye simu haoni vizuri, na bando huisha msichana akiwa katikati ya kilio. Ikabidi nitafute namna ya kufunga dishi bila kutoboa.

Namna zipo. Unaweza kulibana kwenye vyuma vya balkoni. Unaweza kusimamisha bomba ndani ya ndoo ya lita 20, ukaijaza zege na kuiacha ikauke. Ndoo hiyo itapita kilo 40. Waya nao una dawa yake: kuna kipande bapa kama utepe kinachopita kwenye dirisha hata likifungwa.

Kazi ngumu ni anga. Satelaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikienda sawa na mzunguko wa dunia hadi kwetu zinaonekana zimesimama. Kwa mtu wa Dar, ile ya digrii 36 Mashariki iko karibu utosini, kwa hiyo sakafu ya jirani wa juu inaifunika. Ile ya digrii 7 iko upande wa magharibi, imeinama kidogo, na balkoni yangu inatazama huko. Hata hivyo, ili dishi liione, ni lazima lisogezwe hadi ukingoni kabisa. Na chini ya ukingo huo kuna kijiwe cha bodaboda na mama anayekaanga chapati kila asubuhi.

Fundi alipima kwa macho, akaniambia: "Dada, la ukutani nalipiga bolti nne, nikirudi kwangu nalala. Hili la ndoo, kusi ikilibeba, mimi simo."

Nimelifikiria sana neno hilo, "simo". Mkataba wangu una watu wawili, mimi na mwenye nyumba. Muuza chapati hayumo. Kifungu kinalinda plasta, kitu ambacho fundi rangi hukirudisha kwa nusu siku, na hakisemi lolote kuhusu fuvu la mtu. Kibaya zaidi, kwa kuulinda ukuta kinaihamisha hatari: uzito ambao ungebebwa na bolti nne sasa unaning'inia juu ya mtu ambaye hakuulizwa. Tumezoea kuambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ni mzima, ufa uko kati yetu na walio chini.

Utaniambia: basi acha, ni tamthilia tu. Sikubali kirahisi hivyo. Nchini Sweden, familia yenye asili ya Iraki iliyopanga katika kitongoji cha Stockholm ilidaiwa iondoe dishi lake. Wakaliondoa ukutani, wakalifunga kwenye mkono wa chuma uliotokea dirishani kutoka jikoni. Mwenye nyumba aliendelea na kesi, akashinda, nao wakahama. Mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba uhuru wao wa kupokea habari ulikuwa umevunjwa, na ikaeleza kuwa uhuru huo unagusa hata burudani tupu. Majaji walizingatia pia usalama, wakaona dishi lile halikuwa tishio la kweli. Hilo ndilo linalonivutia. Kati ya haki ya ukuta na haki ya sebule, walimkumbuka pia mtu wa tatu.

Kwangu mpangilio umekuwa huu: kwanza aliye chini, kisha mama, kisha plasta. Nilimwandikia mwenye nyumba nikiomba matundu manne, na ahadi ya maandishi kwamba nitayaziba na kupaka rangi siku ya kuondoka. Alikataa, ni haki yake. Basi ndoo ya zege inakaa sakafuni, ndani ya vyuma vya balkoni, na dishi limefungwa mnyororo ambao hata bomba likikatika haliwezi kuvuka nje. Upepo ukizidi, tunaliingiza ndani. Siku hizo mama hukosa tamthilia yake na hunung'unika, na ana haki ya kunung'unika. Mtu fulani lazima abebe gharama ya sisi kuwa na televisheni, na ni afadhali tuwe sisi tunaoitazama.

Huko juu nako watu wamegombania umiliki. Mwaka 1976 nchi za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, zilitangaza mjini Bogotá kwamba njia ya satelaiti iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao. Dai hilo halikukubaliwa. Mkataba wa mwaka 1967 ulikuwa umekwisha kusema kwamba hakuna taifa linaloweza kujimilikisha anga za juu. Kwa hiyo kila satelaiti ni mpangaji. Utaratibu unaotakiwa ni kwamba mafuta yanapokaribia kwisha, yanayobaki yatumike kuisukuma juu zaidi, takriban kilomita 300, ili isije ikagonga zinazobaki kazini. Hakuna ukuta wa kukagua kule, wala dipoziti ya kukata. Kipimo cha mpangaji mwema ni kama amewaachia wengine njia salama, hata wale ambao majina yao hayamo kwenye mkataba.