Mdaiwa Asikizwe Lini?

Kuchelewesha deni hali uwezo wa kulipa upo ni dhuluma. Mtume (S.A.W.) amelibainisha hilo, wala hapana Mwislamu alitiaye shaka. Lakini mdai asimamapo mbele ya hakimu na karatasi yake mkononi, je, yatosha mdaiwa kuhukumiwa kwa karatasi hiyo pasina kusikizwa?

Sheria ya Kenya ina njia ya hukumu ya mkato, nayo imo katika Amri ya 36 ya Kanuni za mwaka 2010 za mashauri ya madai. Mwenye kudai kiasi cha fedha kinachojulikana aweza kumwomba hakimu amhukumie upesi, kabla mdaiwa hajaleta majibu yake. Hapo mdaiwa yampasa aonyeshe kwa nini aruhusiwe kujitetea. Njia hii ina maslaha yake. Wako watu wasio na jawabu lolote ila kuomba tarehe baada ya tarehe, hata mwenye duka akafilisika na mali yake i mikononi mwa watu.

Lakini natupime. Tuseme fundi amekopa saruji na mbao za shilingi 80,000, akalipa 50,000 mkono kwa mkono bila ya risiti, kisha akadaiwa 80,000 zote. Karatasi yasema kweli juu ya kukopa, na juu ya kulipa imenyamaza.

Basi hakimu asijiulize kama mdaiwa atashinda. Ajiulize kama lipo jambo lisiloweza kujulikana ila kwa kusikiza pande mbili. Likiwapo, aruhusu. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua hivyo mwaka 1952, katika shauri la Kundanlal Restaurant na Devshi & Co., kwamba aliyeonyesha hoja ya kweli aruhusiwe kujitetea bila ya sharti. Na zamani mno kabla ya hapo, Mtume (S.A.W.) alipompeleka Sayyidna Ali Yemen kuwa kadhi, alimkataza kumhukumia wa mwanzo kabla ya kumsikiza wa pili.

Neno "bila ya sharti" ni zito. Kumwambia asiye na kitu alete fedha zote kwanza ndipo asikizwe, ni kumnyima haki kwa sababu ya ufukara wake. Sharti la fedha lamstahiki yule ambaye utetezi wake unanuka hila. Ama asemaye "sidaiwi" tu, asitaje siku wala kiasi wala shahidi, huyo hana hoja ya kusikizwa.

Nasi tuna wajibu wetu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imeamrisha deni liandikwe. Basi na malipo yaandikwe vivyo hivyo. Uitwapo mahakamani, enda, kwani mwenye kunyamaza haki yake hupotea hata mbele ya hakimu mwadilifu. Na mdai amche Mwenyezi Mungu, ajue kuwa hukumu ya hakimu haihalalishi haramu. Akihukumiwa alipwe mara ya pili, naye ajua alikwisha lipwa, amekula mali ya nduguye.