Mwenye Kuona na Kilichoonekana

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo mahakama zingependa yakae mbalimbali. Mtu akisema "naliona jahazi", ametaja kazi ya jicho. Akisema "naona jahazi litachelewa", ametaja kazi ya akili, na jicho halimo. Msemaji wala hahisi kuwa amevuka mpaka. Pengine lugha ilitambua zamani jambo ambalo wanafalsafa walihangaika nalo kwa karne nyingi: kwamba binadamu aghalabu huona na kuhukumu kwa pigo moja, na akija kusimulia hawezi tena kuvitenga viwili hivyo.

Neno hilo ndilo kiini cha ugomvi unaoendelea tangu mwaka 1994 juu ya watoto wa Ruwa.

Ruwa ni mji mdogo nje ya Harare, Zimbabwe. Ijumaa ya tarehe 16 Septemba 1994, wakati wa mapumziko ya asubuhi, wanafunzi wa shule ya msingi ya Ariel walikuwa uwanjani wakicheza, na walimu wao walikuwa ndani mkutanoni. Watoto 62, wa umri wa miaka 6 hadi 12, walisema kwamba ng'ambo ya uwanja, penye vichaka, waliona chombo cha rangi ya fedha. Wengine walisema vyombo. Na karibu yake kiumbe mmoja au zaidi, mwenye mavazi meusi na macho makubwa. Wadogo walilia, wakidhani ni tokoloshi, jini la masimulizi ya kusini mwa Afrika, amekuja kuwala. Walikimbilia duka dogo la shule, ambako mzazi mmoja alikuwa akiuza, naye hakutoka kutazama. Siku chache baadaye alifika Cynthia Hind, mkaazi wa Harare aliyekuwa akikusanya habari za namna hiyo. Kabla mwaka haujamalizika akaja John Mack, daktari wa maradhi ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard. Alizungumza na watoto, na akaridhika kuwa hawasemi uwongo.

Hapo mjadala ukapotea njia. Upande mmoja ulishika kwamba watoto ni wakweli, basi chombo kilishuka. Upande wa pili ulishika kwamba chombo hakiwezi kushuka, basi watoto ni waongo, au wamepandwa wazimu wa kundi. Pande hizi mbili, kwa kelele zao zote, ni ndugu wa tumbo moja: zote zinasadiki kuwa ukweli wa msemaji na ukweli wa msemwa ni kitu kimoja.

Siku mbili kabla, usiku wa tarehe 14 Septemba, watu wengi wa kusini mwa Afrika walikuwa wameona mianga ikikata anga. Yalikuwa mabaki ya roketi ya Zenit, iliyorusha setilaiti ya Cosmos 2290, yakiungua katika kurejea kwake kwenye hewa ya dunia. Wapo waliotoa habari ya chombo kizima. Hawakuongopa hata kidogo. Mianga ilikuwapo, na macho yao yaliifikisha salama. Mwili wa chombo waliuongeza wao, kama mtu aunganishaye nyota tatu akapata mshale. Kisha redio na mazungumzo ya nyumbani yakafanya kazi yake, na ndani ya hewa hiyo watoto wa Ruwa waliamkia shuleni siku ya Ijumaa.

Watu wa visiwani na mwambao wanayo mizani ya jambo hili, na wanaitumia kila mwaka bila ya kuiita falsafa. Ni mwandamo wa mwezi. Kwa madhehebu ya Shafi, ushahidi wa mwadilifu mmoja hutosha kuingia Ramadhani, na wawili hutakiwa kuingia Shawwal. Lakini uadilifu ni mlango tu. Shahidi akishaupita huulizwa: ulisimama wapi? Jua lilikuwa limetua kwa muda gani? Ncha za mwezi zilielekea wapi? Mzee asiyekosa sala ya jamaa miaka arubaini aweza kuchukua uzi wa wingu akaudhani mwezi, kwa kuwa moyo ulikwisha kuutamani. Akirudishwa, hajavunjiwa heshima yake, na kesho atashuhudia ndoa au deni na neno lake litapita. Mizani hiyo humtenga mtu na habari yake, kisha humpa kila mmoja haki yake.

Mafundi wa hadithi nao wana kanuni ya idadi. Wingi wa wapokezi huleta yakini pale tu ambapo haikuwezekana wao kuafikiana. Sitini na mbili ni hesabu kubwa, lakini watoto hawa walicheza uwanja mmoja, walikimbia pamoja, walikaa siku kadha wakisimuliana kabla ya mgeni kufika, na baadhi walihojiwa wenziwe wakiwa wanasikiliza. Hao si mashahidi 62, wala si mmoja. Idadi yao halisi imezama ndani ya gumzo. Pia wapo waliokuwa uwanja huo huo ambao hawakuona kitu.

Mwaka 2023, katika filamu ya mfululizo, mmoja wa wanafunzi wa zamani alidai kuwa yeye ndiye chanzo: aliwaonyesha wenziwe jiwe lililong'ara kwa mbali na kusema ni chombo. Wenye shaka walishangilia. Ajabu ni kwamba watu waliokataa kumbukumbu ya mtoto baada ya siku nne waliipokea kwa mikono miwili kumbukumbu ya mtu mzima baada ya miaka 29. Kukana nako ni ushahidi, na hupimwa kwa pishi ile ile. Wengine wa darasa lile, walioonekana katika filamu nyingine ya mwaka 2022, hawajakana.

Mwenye kudhani kuwa hoja hizi zinamwegemea mkanushaji na akumbuke mawe. Mwaka 1768 wavunaji wa Lucé, Ufaransa, waliona jiwe likianguka kutoka angani. Wanakemia wa Chuo cha Sayansi cha Paris, Lavoisier akiwa miongoni mwao, walilichunguza wakaamua kuwa ni jiwe la ardhini. Wakulima walikuwa na kweli. Wataalamu walikuwa na heshima. Mwaka 1794 Mjerumani Ernst Chladni, aliyesomea sheria, alikusanya habari za zama na nchi mbalimbali, akasema watu wasiojuana hawawezi kuzua maelezo yanayofanana kiasi hicho. Alichekwa. Tarehe 26 Aprili 1803 mawe kama elfu tatu yaliinyeshea L'Aigle, Normandie, na kijana Jean-Baptiste Biot akatumwa kuchunguza. Aliuliza kijiji baada ya kijiji, mapadri na watu wa kazi za mikono, waliosikia mshindo na walioona moto, kisha akayalinganisha mawe na miamba ya hapo. Hayakufanana nayo.

David Hume, mwaka 1748, alikuwa amefundisha kuwa ushahidi wa muujiza usikubaliwe ila uwongo wake uwe muujiza mkubwa zaidi. Ni kanuni nzuri ya kulinda mfuko. Lakini Hume mwenyewe alimtaja mtawala wa Bara Hindi aliyekataa kusadiki habari za barafu, akasema alifikiri sawasawa. Alifikiri sawasawa, na barafu ilikuwapo.

Ruwa haikutoa jiwe. Hakuna kilichookotwa vichakani cha kuthibitisha chombo, na kwa hiyo chombo hakijathibiti. Asemaye zaidi ya hapo kwa upande wowote anasema la moyoni mwake. Lililothibiti ni dogo, nalo lina uzito: asubuhi ile watoto walipatwa na hofu ya kweli, na mtu mzima aliyekuwa karibu hakutoka. Kwa miaka waliulizwa kama wanasema kweli. Ni mara chache mno walipoulizwa, kila mmoja peke yake, alisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, na nani alinyoosha kidole kwanza.