Tundu la Nne

Skrubu yenyewe ilikuwa fupi kuliko ukucha wangu wa kidole gumba. Ilinidondoka ofisini, pale idarani tunapokaa wanafunzi wa uzamili, nikihamisha diski yenye rekodi za mahojiano kutoka kompyuta moja kuukuu kwenda nyingine. Zilikuwa nne, zikabaki tatu. Nikachukua moja kama sampuli, nikapanda daladala. Kariakoo itakosaje skrubu?

Ilikosa. Duka la kwanza la vifaa vya ujenzi walikuwa na za mbao, la pili za bati. La tatu walikuwa na za milimita 3, nyembamba mno. Wote walisema "sina" bila hata kuniangalia, nami nikatoka nimenuna. Kijana wa duka la vifaa vya umeme ndiye aliyenifurahisha.

"Dada, chukua hii ya soketi ya ukutani. Ni ile ile."

Nikazilinganisha. Unene sawasawa. Akanipa bure.

Unene kweli ni sawa, milimita 3.5. Zinatofautiana meno. Ya soketi ina nafasi ya milimita 0.6 kutoka jino hadi jino; ya kompyuta ina meno 32 kwa inchi, yaani karibu milimita 0.79. Ni mabaki ya ugomvi wa zamani: mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza Waingereza wawe na meno ya aina moja, ya nyuzi 55, mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia akaja na ya nyuzi 60. Baadaye sehemu kubwa ya dunia ikahamia milimita, lakini kompyuta za mezani zikabaki na miguu miwili. Diski kubwa hufungwa kwa skrubu ya inchi, na kisomeo cha CD kilicho jirani yake kwa ya milimita. Haya niliyasoma baadaye, nikitafuta wa kumlaumu.

Ofisini mzunguko wa kwanza uliingia vizuri. Wa pili ukawa mgumu. Hapo ndipo penye kesi yangu yote, kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili. Kijana wa dukani hakunidanganya. Alisema alichokiona kwa macho. Mimi mkono uliniambia, nami nikakaza bisibisi. Skrubu ni chuma, mwili wa diski ni alumini. Ghafla ikaanza kuzunguka bure, na unga unaong'aa ukamwagika mezani. Nikaitoa, nikapuliza unga, nikafunika kompyuta.

Nilimkosea nani? Diski inafanya kazi, skrubu tatu zinaishika. Kwa Plato kuna hadithi ya pete ya Gyges, inayomfanya mtu asionekane, na swali ni kama angeendelea kuwa mwadilifu. Mimi sikuhitaji hata pete. Mfuniko wa bati ulitosha.

Lakini kuna mtu ataufungua, labda baada ya miaka mitatu, akiwa na skrubu sahihi mkononi, na atadhani yeye ndiye asiyejua. Darasani huwa tunatetea haki za vizazi vijavyo kwa ufasaha mkubwa. Mimi mwenyewe nimeshapata alama nzuri kwa hilo. Nadhani ni rahisi kwa sababu vizazi hivyo viko mbali na ni vingi. Huyu ni mmoja, na atakalia kiti changu.

Wiki iliyofuata nilimpata fundi wa kompyuta, mzee mwenye kopo la maziwa lililojaa skrubu za mashine zilizokufa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

Akachagua moja, akaijaribu kwenye diski mbovu kwa vidole vitupu. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake.

"Ikikataa vidole, sio yake," akasema.

Nikalipa shilingi 500 kwa skrubu ambayo tundu lake nilikuwa nimeshaliua. Sikumwambia. Ofisini nikaibandika kwa gundi ya karatasi ndani ya mfuniko, na pembeni nikaandika: "Tundu la nne limeharibika meno. Usilazimishe." Nikaweka tarehe. Kalamu ikakaa hewani kidogo, kisha nikafunika. Jina sikuandika.