Umeshukuru, Je, Umetubu?

Kama unasali usharika wowote ulio kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Ubungo hadi Kibaha, umeshamsikia dereva akitoa ushuhuda. Anasimama mbele na bahasha yake, anaeleza jinsi Mungu alivyomrudisha salama kutoka Tunduma, washarika wanapiga makofi, kwaya inaitikia. Mimi nimetoa shuhuda za namna hiyo mara nyingi. Kuna mmoja ambao mpaka leo sijui niuite ushuhuda au niuite uongo.

Nilikuwa nimenunua lori langu la kwanza, lenye trela la wazi lisilo na kuta, baada ya miaka ya kuendesha magari ya watu. Kwa tajiri kulikuwa na msimamizi wa kupakia; kazi yangu ilikuwa usukani. Sasa tajiri ni mimi, msimamizi ni mimi, na hela ya kamba inatoka mfukoni mwangu. Mzigo wangu wa pili ulikuwa mabomba ya chuma ya mita sita, yanakwenda Iringa. Mwenye mzigo alipiga simu kila nusu saa. Tukafunga kwa kamba za manila zilizochakaa, mafundo mengi, utingo wangu akaning'inia kwenye kila moja kunionyesha kuwa imekaza. Tukaomba. Tukaondoka.

Ilikuwa alfajiri. Tulipofika Kimara Temboni daladala ikasimama ghafla mbele yangu. Nikakanyaga breki, nikakata kona. Kamba mbili zikakatika, mabomba matatu yakaporomoka upande wa kushoto, na moja likaifagia meza ya mama muuza vitumbua. Hapakuwa na mtu mezani. Tukayaokota mabomba, tukaunga kamba zile zile (hili naliandika kwa aibu), tukafika Iringa. Jumapili iliyofuata nikatoa sadaka ya shukrani.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa, dereva mstaafu, alinivuta pembeni.

"Kijana wangu, umemshukuru Mungu. Je, umetubu?"

"Nitubu nini, Mzee? Hakuna aliyeumia."

"Hiyo ndiyo uliyomshukuru. Mimi nakuuliza habari ya kamba."

Nilikasirika wiki nzima. Nilijiambia kwamba dhambi lazima iwe na mtu aliyedhulumiwa, na mimi sikumdhulumu mtu. Nilimlipa mama yule meza yake kupitia kwa utingo, yakaisha. Lakini swali halikuisha. Kijana mmoja wa kwaya, anayesoma Chuo Kikuu pale Mlimani, ndiye aliyeniambia kuwa wanafalsafa nao limewasumbua. Mwaka 1976 Mmarekani Thomas Nagel aliliandika, na mfano wake mmoja, nilishangaa, ni dereva wa lori. Dereva hakukagua breki zake. Mtoto akikatiza barabara, dereva huyo atabeba kifo maishani mwake mwote. Asipokatiza, anakwenda zake kunywa chai. Uzembe ni ule ule. Kinachowatenganisha ni mtoto, ambaye dereva hakumleta barabarani wala hakumzuia.

Basi nikafungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Mle Waisraeli wanaagizwa kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba zao zilikuwa na dari bapa, watu walikaa juu jioni, kama trela langu lilivyo bapa. Tazama agizo linakuja lini: wakati wa kujenga, kabla mgeni hajapanda. Mwenye nyumba hajui ni nani atakayekaribia ukingo. Pengine hatakuja mtu kabisa. Bado ukuta anadaiwa.

Sisemi kwamba mimi na dereva aliyeua tuko sawa. Yeye amezika, mimi sijazika, na mstari ule wenyewe unataja damu. Ila asubuhi ile, kabla ya kuwasha gari, mimi na yeye tulikuwa mtu mmoja.

Jambo lililonishinda zaidi nililijua baadaye. Meza ilikuwa tupu kwa sababu mtoto wa yule mama aliamka na homa, akampeleka zahanati. Nilitaka kusema, Mungu ana njia zake. Nikakwama. Ilibidi mtoto wa mtu augue ili mimi nipate la kusimulia madhabahuni? Wachungaji waseme; mimi najua tu kwamba mikanda mipya ingegharimu kidogo kuliko homa ile.

Nilirudi kwa Mzee. Jumamosi kadhaa alinifundisha uani kwake, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba mzigo haujui umefunga breki. Wenyewe unaendelea na safari. Ulaya na Marekani wanahesabu kwamba mafungo yastahimili nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito kwenda mbele na asilimia 50 kwenda pembeni. Kwa mabomba ya tani 10, ni tani nane na tani tano. Nikazikumbuka kamba zangu za manila. Akanionyesha kibandiko kwenye mkanda wa racheti kinachosema unabeba kiasi gani, na kwamba kibandiko kikitoka, mkanda huo hauna ushahidi. Mkanda usifungwe fundo, maana fundo linaula. Mkanda unaopita juu ya mzigo ukilala karibu na ubapa haukandamizi kitu, ukisimama, unakandamiza. Chini ya chuma weka mbao kavu au mpira, kwa sababu chuma juu ya chuma chenye mafuta kinateleza kama sabuni. Penye ncha kali weka kipande cha tairi kuukuu. Kisha simama njiani ukaze tena, kwani mzigo hukaa na mikanda hulegea. Marekani sheria inamtaka dereva akague ndani ya kilomita 80 za kwanza. Mimi nasimama Mlandizi.

Utingo wangu aliniuliza kama huko si kukosa imani, tukishaomba. Nikamwambia asome Mathayo sura ya nne, aone ni nani aliyemshauri Bwana ajitupe kutoka mnara wa hekalu kwa kuwa malaika wapo. Tunaomba bado. Tunaomba tukishamaliza kukaza, mikono ikiwa na grisi.

Mwenye mzigo hailipii saa ile ya kufunga. Mizani ya Vigwaza itanipima kilo zangu, na hata huko sijawahi kuulizwa niliufungaje. Nimeshapoteza wateja wawili waliosema mimi ni mzito.

Mwezi uliopita nilikwenda mwenyewe kwa yule mama. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba kamba zilikuwa mbovu, nilijua, na niliondoka nazo. Utingo alikuwa amemwambia kuwa ilikuwa bahati mbaya. Alinisikiliza huku akigeuza vitumbua. Hakunijibu kitu, na mimi sikumwomba anijibu. Nilipopita kesho yake na mzigo wa mbao, meza ilikuwa imesogezwa nyuma, hatua kama tano kutoka barabarani.

Bado iko pale.