Mporaji ni Nani?



Mnamo Januari 2022 petroli iliadimika hapa Kampala, baada ya madereva wa malori kugoma kule Malaba na Busia kwa sababu ya malipo ya vipimo vya Korona. Vituo vingine viliuza kwa bei mara mbili. Nikiwa kwenye foleni nilisikia redioni wenye vituo wakiitwa wafanyabiashara. Moyo wangu ukarudi Goma.

Wengi wenu mnakumbuka. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulilipuka, lava ikashuka hadi katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Tulivuka kwenda Gisenyi kwa maelfu, tukalala nje, ardhi ikitetemeka usiku na mchana. Baada ya siku chache wengi tulirudi, mawe yakiwa bado yanatoa moshi. Kazi hakuna, soko hakuna. Ukipata chupa mbili za petroli za kuuza barabarani, watoto wanakula.

Tarehe 21 watu waliingia katika kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava, wakawa wanachota kwa bido. Petroli ikashika moto. Walikufa watu kadiri ya 50, labda zaidi.

Redio za nje zikatangaza: waporaji wamekufa. Msikilizaji wa mbali akasikia neno hilo, akaendelea na chai yake.

Sisemi mafuta yale hayakuwa na mwenyewe. Alikuwepo, naye alipata hasara, na amri ya nane haikuyeyuka pamoja na barabara. Chuoni tulibishana sana juu ya Mithali 6:30, inayomhurumia mwizi mwenye njaa. Kumbe mstari unaofuata unamdai alipe! Nakubali yote mawili. Lakini iko pia amri ya tisa. Je, ukitaja bido aliloshika mtu ukaacha njaa yake, umemshuhudia kweli? Mimi nadhani hapana. Tena aliyepandisha bei watu wakiwa na shida alipewa jina la heshima.

Jirani yetu mmoja, mama mjane, alimtuma kijana wake asubuhi ile na bido la lita 5. Watu walipokuja msibani kuuliza amekufa kwa nini, alijibu, "Volkano."

Hakuna aliyemsahihisha.