Na Mambo Mengine Yote

Karatasi ilichapwa steshenari moja ya Mbagala, kwa shilingi elfu kumi. Kijana wa kompyuta hakumuuliza kaka hata swali moja. Alifungua hati ya uwakilishi ya mteja wa zamani, akafuta jina la yule, akaweka la dada yetu aliyeko Muscat. Yaliyobaki akayaacha kama alivyoyakuta: mwakilishi anaruhusiwa kuuza, kupangisha, kuweka rehani na kufanya mambo mengine yote kwa niaba ya mwenye mali.

Shida ya dada ilikuwa ndogo. Kiwanja chake, chenye nyumba aliyokuwa akikaa baba, kilikuwa kimepimwa, hati miliki ilikuwa tayari, naye hana likizo. Kaka aende akaichukue na alipe kodi ya pango la ardhi. Basi. Lakini hayo waliyasema kwenye simu. Kwenye karatasi hayakuwamo.

Dada akatumiwa karatasi kwa WhatsApp, akaichapisha, akaenda nayo ubalozini. Akasaini mbele ya ofisa, muhuri ukagongwa. Wengi wetu tukiona muhuri tunadhani kuna mkubwa ameisoma karatasi akaridhika nayo kwa niaba yetu. Anayeshuhudia saini hutazama kama mwenye pasipoti ndiye anayesaini. Ulichojiandikia ni chako.

Miezi minne baadaye baba akaugua figo.

Nisimwonee kaka. Hakununua gari wala hakuongeza mke. Risiti za hospitali nimeziona, bahasha nzima. Alimpigia dada mara moja tu kumwambia kwamba pesa zimekwisha, na dada akajibu, "Kaka, nyumba usiiguse, nitahangaika huku." Alihangaika kweli. Ila figo hazisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, na kaka alikuwa na karatasi mfukoni.

Mnunuzi naye alikuwa mtu makini. Alikwenda ofisi ya ardhi, akakuta hati ya uwakilishi imesajiliwa kama Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inavyotaka, na hakuna chochote kinachoipinga. Akalipa, uhamisho ukapita.

Dada aliporudi tulikwenda naye kwa wakili. Wakili akasoma mpaka mwisho, akauliza, "Uliibatilisha wapi?"

"Nilimwambia kwa simu."

Akavua miwani. Akatueleza kwamba chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ukimvua mwakilishi wako mamlaka, kwa mtu baki hilo linaanza siku anapolijua. Mnunuzi angejulia wapi maneno ya simu ya ndugu wawili? Dada angerudi ubalozini kusaini hati ya kubatilisha, ikafika kwa Msajili wa Hati kabla ya mauzo, hadithi ingekuwa nyingine. Tena akatuonya, tusije tukakosea upande wa pili, kwamba mwenye mali akifa uwakilishi unakufa naye, hata muhuri uwe mbichi; kinachofuata ni mirathi.

Kisha akachukua kalamu akatuandikia hati iliyostahili kuandikwa. Haikujaza hata nusu ukurasa. Jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Namba ya kiwanja na kitalu. Kazi mbili: kupokea hati miliki, kulipa kodi ya pango. Kuuza na kuweka rehani, hapana. Mwisho wake miezi sita.

Kaka alikuwa ameketi pembeni. "Ungeniandikia hivi," alimwambia dada, "ningeona umeniita mwizi." Nadhani ndiyo maana watu huacha mambo yote yakabaki wazi: kumwekea ndugu mipaka kunaonekana kama matusi. Ila nimewaza sana kuhusu ile nusu ukurasa. Nayo mkononi, kaka asingeweza kuuza. Angelazimika kutuita, tukae ukoo mzima, tuchange au tuuze kwa pamoja. Ile ya steshenari ilimwachia kaka mzigo wa baba, figo na nyumba, aamue peke yake usiku.

Dada hakumshtaki. Hawasemezani pia, zaidi ya salamu.

Baba alipona kiasi. Anakaa vyumba viwili vya kupanga Chamazi, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba nyumba imeuzwa. Jumapili nilipomtembelea aliniuliza kama mafundi wamemaliza kule nyumbani, maana mwembe wake huwa unazaa msimu huu.