Deni la Picha

Kati ya kamera nilizokusanya, ninayoitumia zaidi ni Olympus Pen, aina iliyobuniwa na Mjapani Yoshihisa Maitani na kuanza kuuzwa mwaka 1959. Nafasi ya picha moja ya filamu ya milimita 35 huigawa mara mbili, hivyo mkanda wa picha 36 hutoa 72. Sisi wapenzi wa kamera hizi hujisifia subira: hatuoni kitu mpaka mkanda usafishwe.

Lakini hapa Malambo, wilayani Ngorongoro, subira hiyo ni ya nani? Mama ninayempiga picha kwa simu huitazama papo hapo, isipompendeza, husema, "Futa." Mbele ya Pen hana neno hilo. Naondoka na sura yake kwenda kuisafisha mbali, naye anabaki kuniamini.

Ruhusa ya kitu usichokiona ni nusu ruhusa. Nusu ya pili huombwa siku ninaporudi na picha mkononi, naye angali na haki ya kukataa. Asipoiridhia, nakata kipande chake cha mkanda nikamkabidhi, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote 72.